Ukitaka Kuibadili Joseon, Anza na Kodi

Wapenzi wa historia wana mchezo wao wa "ingekuwaje kama". Wanachagua ufalme, wanachagua mwaka, wanageuza jambo moja, kisha wanafuatilia matokeo yake hatua kwa hatua. Joseon, dola iliyotawala rasi ya Korea tangu 1392 mpaka ilipojitangaza himaya mwaka 1897, huchezewa sana mchezo huu, na si ajabu. Mwisho wake unauma. Ufalme uliokuwa na alfabeti yake, maofisa waliopatikana kwa mitihani, na kumbukumbu za serikali zilizoandikwa kwa karne tano, ulimezwa na Japani mwaka 1910. Ukisoma habari hizo unaingiwa na hamu ya kurudi nyuma ukauokoe.

Shida ni pale tunapoanzia. Katika simulizi nyingi za namna hii Joseon hupewa meli za masafa, mizinga, bandari zilizo wazi na wafanyabiashara wa Kiholanzi, na baada ya hapo utajiri hujileta wenyewe. Mimi naamini fundo liko kwingine. Liko katika swali ambalo kila serikali hulijibu hata isipolitamka: nani anailisha hazina, na anailisha kwa kitu gani? Ukishalielewa jibu la Joseon, sera zake za biashara ambazo kwa mbali zinaonekana kama ukaidi mtupu zinaanza kueleweka. Unaona pia ni wapi hasa njia ingeweza kupinda.

Mlango wa Busan

Nianze na biashara ya nje, maana ndiko kulikojaa dhana potofu. Ile sifa ya "ufalme uliojifungia" ilienezwa na Wazungu mwishoni mwa karne ya 19, na kwa upande wao ilikuwa na ukweli. Mwaka 1653 meli ya Kiholanzi De Sperwer ilivunjika kwenye kisiwa cha Jeju. Mabaharia 36 walionusurika walizuiwa nchini, na Hendrick Hamel na wenzake wachache walipata nafasi ya kutoroka kwa mashua hadi Japani mwaka 1666 tu. Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki ilivutiwa na habari walizoleta, ikaunda hata meli iliyoitwa Corea, lakini biashara yenyewe haikuanza.

Basi wengi husoma kisa hicho wakahitimisha kwamba Joseon haikufanya biashara na mtu. Wangetazama Busan, bandari ya kusini, wangeona mengine. Baada ya vita vya 1592 hadi 1598, ambamo majeshi ya Toyotomi Hideyoshi, mtawala wa Japani, yaliiteketeza nchi, Joseon ilikubali mwaka 1609 kufungua tena biashara na watu wa Tsushima, kisiwa cha Kijapani kilichoko katikati ya mlango wa bahari. Waliwekewa eneo lao lenye ukuta lililoitwa waegwan, na mwaka 1678 likahamishiwa Choryang, mahali papana zaidi. Hapo waliishi wanaume mia kadhaa wa Kijapani. Wanawake hawakuruhusiwa kuingia kabisa. Asubuhi langoni palikuwa na kisoko cha samaki na mboga, ambako wanakijiji wa Kikorea waliuza na wakazi wa ndani walinunua kitoweo cha siku. Soko lenyewe, la mali nzito, lilifunguliwa mara sita kwa mwezi chini ya macho ya maofisa na wakalimani.

Mali nzito hiyo ilikuwa hariri ya China na jinsengi, mizizi ya dawa, kwa upande mmoja, na madini ya fedha ya Japani kwa upande mwingine. Msafara wa mabalozi wa Joseon ulipokwenda Beijing, ulikuwa na wafanyabiashara na wakalimani waliobeba fedha ya Kijapani, wakarudi na nyuzi za hariri. Hariri iliteremshwa Busan, ikauzwa kwa Tsushima, nayo Tsushima ikalipa kwa fedha, na fedha ikapanda tena kaskazini. Korea ilikaa katikati ya China na Japani, nchi mbili ambazo kwa muda mrefu hazikuwa na mahusiano rasmi, na ilikula faida ya kukaa hapo. Nguvu ya soko hilo ilionekana wazi pale serikali ya Tokugawa, ukoo uliotawala Japani, ilipopunguza kiasi cha fedha halisi ndani ya pesa zake. Wanunuzi wa Busan walizikataa. Mwaka 1710 Japani ikalazimika kutengeneza pesa maalumu zenye asilimia 80 ya fedha, kwa ajili ya kununulia jinsengi ya Korea. Ufalme uliojifungia haufanyi hivyo.

Ila tazama faida ilivyogawanywa. Serikali haikupenda kutoa pesa taslimu kwa safari za Beijing, hivyo kila mtu aliyestahili katika msafara alipewa ruhusa ya kubeba mafurushi manane ya jinsengi, jumla ya geun 80 (geun ni kipimo cha uzito, kama gramu 600), akauze huko ajilipie gharama. Baadaye ruhusa hiyo ilihesabiwa kwa thamani ya fedha. Yaani dola ilitoa ruhusa ya biashara mahali pa mshahara. Wakalimani walineemeka, wafanyabiashara wa Uiju mpakani na wa Kaesong walineemeka, na wa Kaesong walijulikana kwa ufundi wao wa kuweka hesabu kwa pande mbili, deni na mali. Hazina kuu, ile iliyolipa maofisa na kulisha jeshi, iliendelea kuishi kwa mchele wa mkulima.

Kwa hiyo mambo yalipobadilika haikuwepo ofisi kubwa ya kupiga kelele. Nasaba ya Qing iliyotawala China ilifungua bandari zake mwaka 1684, majahazi ya Kichina yakaanza kwenda Nagasaki moja kwa moja, na hariri haikuhitaji tena kupita Korea. Kisha Yoshimune, shogun (mtawala wa kijeshi) wa Japani, akahimiza kilimo cha jinsengi ndani ya Japani kwenyewe. Kufikia katikati ya karne ya 18 mto wa fedha wa Busan ulikuwa umekauka. Wakalimani walibaki na madeni. Baraza la mfalme liliendelea kujadili mchele.

Hazina iliyolishwa na shamba

Hapa ndipo kwenye kiini, na naomba msomaji anivumilie kidogo kwa sababu kodi hazina mvuto wa meli.

Joseon ilijengwa juu ya fikra za Confucius, mwanafalsafa wa kale wa China, zilizompanga msomi juu, mkulima akafuata, kisha fundi, na mfanyabiashara mwishoni. Mfalme mwema ni yule anayechukua kidogo. Kodi rasmi ya ardhi ilikuwa kweli ndogo: tangu 1635 ilitulia kwenye mal nne za mchele kwa kila gyeol, mal ikiwa kipimo cha lita zipatazo sita na gyeol ikiwa kipande cha shamba kilichopimwa kwa mavuno yake badala ya ukubwa wake. Kizito kilikuwa mizigo mingine miwili. Wa kwanza ni ushuru wa mazao ya mahali: kila wilaya ilipangiwa vitu vya kupeleka ikulu, samaki, asali, karatasi, ngozi, dawa. Wa pili ni wajibu wa jeshi, ambao nitaurudia.

Orodha za mazao ziliandikwa zikasahauliwa, dunia ikabadilika na orodha zikabaki. Kijiji kilidaiwa kitu kisichopatikana tena kwake. Hapo akaingia dalali. Alikipeleka kitu hicho mji mkuu kwa niaba ya kijiji, kisha akaja kudai malipo mara kadhaa ya bei yake. Hata kijiji chenye bidhaa nzuri hakikupona: karani wa ghala, aliyekwisha kuelewana na dalali, alikagua mzigo na kuukataa, ubora wake hautoshi, rudini. Kilichopokewa ni cha dalali tu.

Dawa ya ugonjwa huu iliitwa Daedong, na kwa maoni yangu ndiyo sera kubwa kuliko zote katika uchumi wa Joseon, ingawa waandishi wa historia mbadala huipita kama nukta. Wazo lake ni jepesi. Futa orodha za vitu. Kila mwenye shamba alipe mchele, kwa kawaida mal 12 kwa gyeol, au kitambaa, na baadaye sarafu. Serikali ichukue mchele huo, iwape wafanyabiashara waliosajiliwa, gongin, nao wainunulie ikulu inachohitaji sokoni. Ilianza mwaka 1608 katika mkoa wa Gyeonggi, kwa pendekezo la Yi Won-ik. Ilifika Chungcheong mwaka 1651, Gyeongsang mwaka 1677, na Hwanghae mwaka 1708. Miaka mia moja kamili kuvuka nchi ambayo mtu angeweza kuivuka kwa miguu kwa wiki chache.

Ilichelewa kwa sababu ilihamisha mzigo. Zamani ushuru ulikigusa kila kibanda, hata cha asiye na shamba. Sasa uliifuata ardhi, na wenye ardhi nyingi ndio hao hao waliokaa barazani wakijadili kama utaratibu ufuatwe. Kim Yuk, mtu aliyeipigania kuliko wote, alizeeka katika mjadala huo. Mwaka 1658, akiwa karibu kufa na miaka yake karibu 80, aliandika barua ya mwisho kwa mfalme akimsihi asiiache Daedong ya mkoa wa Jeolla. Barua ya kuaga, na ndani yake kuna kodi ya mchele. Sijui sifa gani kubwa zaidi mtu anaweza kumpa mtumishi wa umma.

Matokeo yake yalizidi hata alivyotarajia. Gongin walihitaji mafundi, mafundi walihitaji malighafi, majahazi ya mto Han yalijaa mchele uliokwenda bandari za mtoni za Mapo na Yongsan, na masoko ya kila siku tano yakaenea vijijini mpaka yakapita 1,000. Mwaka 1678 serikali ikaanza kufua sarafu ya shaba ya kudumu, sangpyeong tongbo, na safari hii watu wakaikubali, tofauti na majaribio yaliyotangulia. Shaba nyingi ilitoka Japani, kupitia Busan ile ile. Serikali iliogopa mkopeshaji kumnyonya mkulima, ikasimamisha ufuaji tangu mwishoni mwa miaka ya 1690 hadi 1731, na sarafu zikaadimika sokoni huku matajiri wakizificha. Lakini hata wakati huo hakuna aliyeweza kuzifuta. Nchi ilikuwa imezizoea.

Kwa hiyo kodi iliyofikiriwa ndani ya fikra za Confucius, kwa nia ya kumhurumia mkulima, ndiyo iliyozaa soko. Hakuna mtu barazani aliyekaa na kupanga kulijenga.

Njia panda tatu zinazopendwa

Sasa turudi kwenye mchezo. Kuna miaka mitatu ambayo huvutia watu.

Wa kwanza ni 1503. Mwaka huo mtu wa kawaida Kim Gam-bul na mtumwa wa serikali Kim Geom-dong walimwonyesha mfalme Yeonsangun jinsi ya kutoa madini safi ya fedha ndani ya madini ya risasi, kwa kuyeyusha na kuacha majivu yainywe risasi. Kaskazini, Dancheon, kulikuwa na mawe ya kutosha. Baada ya miaka 30, mwaka 1533, mbinu hiyo ilikuwa imevuka bahari na kutumika katika migodi ya Iwami huko Japani, na fedha ya Japani ikaenea Asia yote. Korea, ilikoonyeshwa mbinu hiyo, iliibana migodi yake. Mtu husoma habari hii akashika kichwa. Ila mwaka 1429 Joseon ilikuwa imefanikiwa kwa mashaka makubwa kuishawishi China ya Ming iifutie ushuru wa dhahabu na fedha kwa hoja kwamba nchi yake haina madini hayo. Kufungua migodi hadharani kungeamsha deni lile. Na fedha ingemfaa nani? Hazina ilikula mchele. Kuubadili mwaka 1503 kunahitaji kwanza ubadili Ming, na hapo mchezo si wa Korea tena.

Wa pili ni 1645, nao unanigusa zaidi. Mwanamfalme Sohyeon alichukuliwa mateka na Wamanchu, watu wa kaskazini walioanzisha nasaba ya Qing, baada ya Joseon kushindwa mwaka 1637, akakaa Shenyang miaka minane na mkewe, wa ukoo wa Kang. Wamanchu walipochoka kuwalisha, waliwapa mashamba wajilimie. Mke wa mwanamfalme akawakomboa Wakorea waliokuwa wakiuzwa utumwani sokoni, akawaweka shambani, akauza nafaka na bidhaa, hadi kumbukumbu za serikali zikalalamika kwamba lango la makazi yao limekuwa kama soko. Kwa wasomi wa Hanyang, mji mkuu, hiyo ilikuwa aibu. Mimi naona kaya ya kifalme iliyojifunza, kwa kulazimika, kwamba mtaji na kazi ya malipo vinaweza kuokoa watu. Sohyeon alikutana pia na mmisionari Adam Schall mjini Beijing. Alirudi nyumbani mwanzoni mwa 1645, akafa baada ya miezi miwili hivi, na wapo walioamini alipewa sumu. Mkewe aliuawa kwa amri ya mfalme mwaka uliofuata.

Ningependa sana angetawala. Lakini jiulize angetawala kwa nguvu ya nani. Mwaka 1623, kabla yake kidogo tu, yangban, tabaka la wasomi na maofisa wa koo kubwa, walimwondoa mfalme Gwanghaegun kwenye kiti, na moja ya mashtaka yake ilikuwa kuelewana na Wamanchu. Mfalme mwenye mawazo mapya na hazina ile ile ya zamani alikuwa mfalme anayeweza kuondolewa.

Njia panda ya tatu ndiyo inayopendwa kuliko zote: kifo cha Jeongjo mwaka 1800. Mfalme huyu alimpa kazi katika maktaba yake Park Je-ga, mwana wa suria ambaye kwa sheria za wakati ule hakuruhusiwa kupanda juu. Park alikuwa amerudi kutoka Beijing na mwaka 1778 aliandika kwamba mali ni kama kisima, ukichota kinajaa, ukikiacha kinakauka. Alitaka magari ya kukokotwa, barabara, matofali. Mwaka 1786 alimwandikia mfalme kwamba Joseon ipeleke meli kufanya biashara na bandari za kusini ya China, na iwaalike Wazungu wanaojua elimu ya nyota wafundishe vijana. Hayo yalikuwa mapendekezo rasmi, yaliyosomwa ikulu.

Jeongjo hakutuma meli. Alichofanya mwaka 1791, kwa ushauri wa waziri Chae Je-gong, ni kuvunja haki waliyokuwa nayo maduka ya leseni mjini Hanyang ya kuwakamata na kuwanyang'anya wachuuzi wasio na leseni. Maduka sita makuu tu yaliachiwa haki hiyo, na wachuuzi wengine wa mji mkuu wakaweza kukaa na mizigo yao bila kukimbizwa. Ngome ya Hwaseong, iliyojengwa 1794 hadi 1796 kwa mashine za kuinulia mawe alizobuni Jeong Yak-yong, ilijengwa na vibarua waliolipwa. Mwaka 1797 biashara ya jinsengi nyekundu kwenda China iliruhusiwa kwa geun 120 kwa mwaka, na ikakua mpaka ikafikia geun 40,000 mwaka 1847.

Ukimwongezea Jeongjo miaka 20 ya uhai, je? Angefanya mengi mazuri. Lakini aliyoyafanya yalitegemea mkono wake na fungu lake la ikulu. Kikosi cha Jangyongyeong, alichokiunda na kukipa mashamba na maghala yake, kilivunjwa mwaka 1802. Park Je-ga alikuwa ameshapelekwa uhamishoni kaskazini mwaka 1801. Jinsengi ikaendelea kukua kwa sababu kulikuwa na ofisi iliyokula kutokana nayo. Kinachodumu ni kile ambacho hazina inakihitaji.

Mfalme langoni, 1750

Ndiyo maana ningeanzia miaka 50 nyuma, kwa babu yake, mfalme Yeongjo, na ule mzigo wa jeshi nilioahidi kuurudia.

Kila mwanamume wa kawaida, kuanzia miaka 16 hadi 60, alipaswa kutumikia jeshi au kulipa majora mawili ya kitambaa cha pamba kwa mwaka. Yangban hawakulipa. Watumwa nao walikuwa na utaratibu wao. Wilaya zilipangiwa idadi, na idadi isipotimia karani aliijaza: aliandika watoto wachanga, aliwaacha wafu kwenye daftari, na aliyekimbia deni lake lilidaiwa kwa jirani au ndugu. Kila aliyeweza alihonga akaingizwa kwenye ukoo wa yangban ili atoke. Aliyebaki alilipia waliotoka.

Mwaka 1750 Yeongjo alifanya jambo ambalo kila nikilisoma nasisimka. Alitoka hadi lango la Honghwamun la kasri ya Changgyeong, akawaita maofisa pamoja na raia wa kawaida wa mji, akawauliza wenyewe: mnaona kodi hii irekebishwe vipi? Miongoni mwa njia zilizokuwa mezani ilikuwamo hopo, kitambaa kulipwa kwa kila kaya, yangban wakiwemo. Wengi wa waliosimama pale langoni waliitaka hiyo.

Yangban walikataa. Hoja yao ilikuwa kwamba msomi akilipa sawa na mtu wa kawaida, tofauti ya hadhi itakuwa imekufa, na wakiudhiwa wao dola itayumba. Mfalme akarudi nyuma. Sheria iliyotoka ilipunguza majora mawili yakawa moja, kwa wale wale waliokuwa wakilipa. Pengo likazibwa kwa nyongeza ya mal mbili kwa kila gyeol ya shamba, na kwa kitu kipya: kodi ya mashua, chumvi na mitego ya samaki, ambayo mapato yake mengi kabla ya hapo yalikuwa mikononi mwa nyumba za wanafamilia wa mfalme na ofisi mbalimbali.

Hapo hapo pana njia panda yangu. Serikali kuu ilituma watu pwani wakahesabu mashua na majiko ya chumvi, na kwa mara ya kwanza fungu la maana la hazina yake likatoka baharini. Mbegu ya dola yenye maslahi katika biashara ilikuwa imepandwa. Tuseme Yeongjo hakurudi nyuma, na hopo ikapita mwaka ule. Kwanza, kununua ukoo wa yangban kungekosa faida kubwa, kwa kuwa usingekusaidia kukwepa. Pili, hazina ingekuwa na kitambaa na sarafu za kutosha bila kuigeukia akiba ya nafaka. Jambo hili la pili ni zito. Joseon ilikuwa na maghala makubwa ya kuwakopesha wakulima nafaka majira ya njaa, wairudishe baada ya mavuno na nyongeza ya sehemu moja ya kumi kufidia upotevu. Ofisi zilipokosa mapato ziliigeuza nyongeza ile kuwa kodi, na kufikia karne ya 19 wakulima walikopeshwa kwa nguvu, wengine nafaka iliyochanganywa na makapi, na walidaiwa hata ambao hawakuona punje.

Tatu, na hili ndilo linalogusa sera ya biashara: dola inayokusanya sarafu huhitaji shaba, na dola inayotoza mashua hutaka mashua ziongezeke. Pendekezo la Park Je-ga mwaka 1786 lingekuta ofisi yenye sababu ya kulisikiliza. Katika Joseon ya kweli lilikuta mfalme mwenye huruma na baraza lisilopoteza kitu kwa kukaa kimya.

Sidai kwamba hopo ingeleta viwanda. Misitu ya milimani ilikuwa inakwisha kwa kuni za kupashia sakafu joto na kwa mashamba mapya. Utumwa ulikuwa bado umekaa, ingawa serikali iliwaachia watumwa wake zaidi ya 66,000 mwaka 1801, na wa watu binafsi wakangoja mpaka 1894. Qing nayo isingefurahia mabalozi wa Joseon kujipangia biashara ya baharini. Ninachodai ni kidogo zaidi: ufalme huo ungeingia karne ya 19 ukiwa na wakulima wasiokamuliwa kiasi kile.

Maana walikamuliwa. Mwaka 1803 Jeong Yak-yong, yule yule wa mashine za Hwaseong, akiwa uhamishoni Gangjin, alisikia habari ya mtu aliyepata mtoto. Mtoto akiwa na siku tatu aliandikwa kwenye daftari la jeshi, na ng'ombe wa baba akachukuliwa kufidia kitambaa. Baba alichukua kisu akajikata uume, akisema kwamba hicho ndicho kilichomletea msiba huu. Mke alikibeba kilichokatwa, damu ikichuruzika, mpaka kwenye lango la serikali, na mlinzi akamzuia asiingie. Jeong aliliandikia shairi. Mwaka 1862 mji wa Jinju uliripuka, na maasi yakaenea wilaya zaidi ya 70, malalamiko yakiwa yale yale: daftari la jeshi, mikopo ya nafaka, makarani.

Hopo ilikuja mwaka 1871, chini ya Daewongun, baba wa mfalme Gojong aliyetawala kwa niaba ya mwanawe, miaka 121 baada ya watu wa Honghwamun kuiomba. Wakati huo Daewongun alikuwa ameshajaribu njia ya mkato: mwaka 1866 alifua sarafu iliyoandikwa thamani ya mia moja, wakati thamani ya shaba yake ilikuwa sehemu ndogo tu ya hiyo, ili agharimie ujenzi wa kasri ya Gyeongbok. Bei za vitu zilipaa, na ufuaji ukasimamishwa ndani ya miezi michache.

Miaka mitano baada ya hopo, mwaka 1876, Japani iliilazimisha Joseon kutia saini mkataba wa Ganghwa, na katika makubaliano ya biashara yaliyofuata mwaka huohuo bidhaa zikapita bila ushuru wa forodha. Wajumbe wa Joseon hawakuliona hilo kuwa jambo kubwa. Kwa nini waone, ikiwa hazina waliyoijua haikuwahi kuishi kwa ushuru wa bandari? Walipozinduka mwaka 1878 wakaweka kituo cha forodha Dumojin, karibu na Busan, wakiwatoza wafanyabiashara wao wenyewe, Japani ikaleta manowari na kituo kikafungwa. Ushuru ulipatikana mwaka 1883, baada ya miaka saba ya bidhaa kuingia na kutoka bure. Ule ufalme mwingine, wenye ofisi iliyohesabu mashua na kuzitoza kwa miaka 126 na kuishi kwa mapato hayo, ungedai forodha siku ya kwanza ya mazungumzo.